Kabla hujaiongezea Subaru nguvu

Mara ya kwanza kupeleka WRX yangu, ile Subaru Impreza ya kasi, kwenye mbio za kupambana na saa, breki zilinitoroka raundi ya tatu. Nilikuwa nashuka mteremko kuelekea kona ya kushoto, nikakanyaga, na pedali ikazama kama mguu kwenye mkate uliolowa chai. Nikapampu mara mbili, mara tatu, ikashika robo. Kona niliipita tairi mbili zikiwa kwenye nyasi. Sikugonga kitu, ila niliporudi kwenye maegesho magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka na kunuka kama klachi ya matatu iliyojaza watu mlimani.

Pedi zilikuwa na wiki mbili tu. Diski zilikuwa nzima. Kilichoniangusha ni mafuta ya breki, kitu cha shilingi mia chache, ambayo tangu ninunue gari sikuwahi kuyabadilisha. Na miezi michache kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemwaga zaidi ya laki moja kwenye bomba la moshi ili majirani wajue nimefika.

Kwa hiyo wewe uliyenunua Impreza yako juzi na tayari unauliza bei ya turbo kubwa, ile pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, keti kidogo tuongee.

Kwanza, gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo WRX ya 2006 unayoiona ikiuzwa leo haijatoka melini jana. Imepita mikononi mwa Wakenya wawili au watatu, na kila mmoja aliacha alama yake. Fungua boneti utazame waya. Ukikuta zimeunganishwa kwa selotepu, bomba lililofungwa kwa waya wa kufungia makaa, au kidude kisicho na jina kimening'inia karibu na betri, jua kuna mtu alianza mradi akashindwa kuumaliza, na sasa mradi ni wako. Mwambie fundi apime kompresheni ya silinda zote nne, na namba nne uitazame kwa jicho la pekee, maana kwenye injini hizi za boksa, zenye silinda zilizolala ubavu, ndiyo mara nyingi huwa ya kwanza kulalamika. Mshipi wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, lakini namba unayoiona kwenye dashibodi si kiapo cha mahakamani. Kama hakuna risiti, badilisha. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na hapo hutatengeneza injini, utanunua nyingine.

Watu husahau kwamba mapenzi yetu kwa Subaru hayakuanza na nguvu. Mwaka 1993 dereva wetu Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya 12 akiwa na Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 660, cha kwendea sokoni. Magari makubwa mengi yaliharibika njiani, chake kikafika. Mimi hukumbuka hilo kila nikisikia kijana akijisifu ana farasi 400 katika gari ambalo halijawahi kumaliza raundi tano mfululizo.

Sasa turudi kwenye breki. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Ukienda kazini na kurudi hutaona tofauti. Ukishuka mlima kwa kasi mara nne ndani ya dakika kumi, kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, hupata moto, mafuta yanachemka, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma pistoni. Pedali inazama. Hayo tu. Nilipomwaga yale ya zamani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Yanayofaa huwa ya manjano hafifu, karibu na maji.

Badilisha mafuta yote, usiongezee tu juu. Toa hewa kwenye kila gurudumu, halafu weka pedi za daraja linalostahimili joto. Usinunue zile za mashindano tupu: zikiwa baridi hazishiki, na asubuhi ya kwanza Thika Road utajuta nyuma ya basi. WRX nyingi za Japani za miaka hiyo zina kalipa za pistoni nne mbele, zinatosha kabisa. Sijaona anayeanza ambaye kalipa zake za kiwandani zilikuwa ndogo kuliko uwezo wake. Na ukimaliza kukimbia, zunguka raundi moja taratibu, kisha ukiegesha usibaki umekanyaga breki. Pedi yenye moto ikibana diski mahali pamoja, utahisi mtetemeko kwenye pedali hadi utakapobadilisha diski. Acha gari kwenye gia, weka jiwe.

Tairi ni za pili, na hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna siri. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka saba yenye kashata nzuri ni tairi ngumu, haijalishi imeng'aa vipi. Pima upepo zikiwa baridi na tena mara tu unaposimama. Utashangaa zimepanda PSI nne, tano au zaidi, na namba ya zikiwa moto ndiyo ya kufanyia kazi.

Kwenye rimu kuna mtego mmoja. Rimu za STI, toleo kali zaidi la WRX, zinapendeza, na vijana huzinunua kwanza, kupima baadaye. WRX ina matundu matano kwenye duara la milimita 100. STI kuanzia toleo la 2005 ikahamia 114.3. Haziingiani. Kuna watu wanauza vipande vya katikati vya kulazimisha ndoa hiyo. Kwa gari la kwenda mbioni, mimi sipandi.

Kukata springi. Najua utafanya, kwa sababu nami nilifanya. Fundi alichukua grainda, akakata duara moja na nusu kila upande, gari likakaa chini vizuri kama la kwenye picha. Lilipopita tuta la kwanza lilikwangua mdomo wa mbele. Tuta la tatu likaondoka na mfuniko wa chini ya injini, nikauona kwenye kioo ukiteleza barabarani kama ungo. Lakini hasara ya kweli niliiona kwenye kona. Shoki za kawaida zilizolazimishwa kufanya kazi zikiwa zimebanwa hufika mwisho wa safari yake mapema, na ikifika mwisho tairi inaruka. Tairi iliyo hewani haigeuzi gari.

Kama una pesa kidogo ya upande huo, anza na bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari. Gari la zaidi ya miaka kumi na tano lina bushi zilizopasuka, na usukani wake hucheza kabla gurudumu halijageuka. Kisha nenda kwenye alainmenti na uombe kitu mahususi. Kwenye Impreza, bolti ya juu inayoshika shoki ya mbele na kikono cha gurudumu imeundwa kwa kurekebishwa, kwa hiyo unaweza kulaza sehemu ya juu ya magurudumu ya mbele kuelekea ndani, digrii moja na nusu hivi, bila kununua chochote. Mwambie fundi aache tairi zielekee mbele sawasawa, zisijipinde kama miguu ya bata. Kinachokula tairi upesi ni huko kupinda kuliko kulala. Mimi nililipa bei ya alainmenti ya kawaida, na gari likageuka kana kwamba limebadilishwa. Ukitaka kulishusha, shusha sentimita mbili au tatu kwa springi na shoki zilizoundwa kwenda pamoja, ukikumbuka matuta ya mtaani kwako, si barabara za Japani.

Haya, nguvu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu moja kwa moja. Lenye turbo hujaribu kufidia, na hapo ndipo hatari inapojificha: ili kuipa injini hewa ileile, turbo huzunguka kwa kasi zaidi kuliko ingezunguka pwani, na hewa inayotoka huwa na joto zaidi. Ukiongeza shinikizo juu ya hapo, unaichapa punda ambaye tayari anakimbia.

Halafu petroli. WRX na STI za soko la Japani zimepangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo huuzwa ikiwa oktani 100 hivi. Unayojaza hapa si hiyo. Programu ya injini iliyopakuliwa kutoka kwa mtu wa ng'ambo haijui wewe unajaza nini wala unaishi urefu gani. Rafiki yangu aliweka ya aina hiyo Ijumaa jioni. Jumapili, gia ya nne, mlima mrefu, akasikia sauti kama kokoto ndani ya mkebe, akadhani ni kifuniko cha joto cha egzosti. Ilikuwa injini inagonga: mafuta yanawaka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni kichwani. Ilipofunguliwa, kingo zinazoshika ringi za pistoni namba nne zilikuwa zimevunjika, vipande vimekwangua silinda. Kila mtu ataje silinda gani.

Kwa hiyo fundi wa kompyuta ya injini umuulize maswali mawili kabla hajagusa kitu: atapima mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa kifaa gani, na atapangia petroli ya kituo gani. Akicheka, ondoka.

Ile valvu ya kutoa hewa nje, ya sauti ya "pshhh", nayo uiache dukani. Subaru hupima hewa mwanzoni mwa bomba, kisha kompyuta inaitolea petroli yake. Ukiitupa hewa iliyokwisha kuhesabiwa, petroli inabaki bila mwenzake, unatoa moshi mweusi na gari linakohoa kila unapobadilisha gia. Kiwandani waliirudisha ndani kwa sababu.

Oili pia. Injini hizi hula oili, na ukiendesha kwa nguvu hula zaidi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikiwa iko alama ya chini, pampu huvuta hewa na beringi za kranki hukauka. Mimi hujaza hadi alama ya juu kabisa na kuchomoa kijiti kila nikisimama, hata kama nimezunguka raundi mbili tu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike. Nina daftari la shule, la mistari, lenye madoa ya oili: tarehe, upepo wa tairi, kilichobadilishwa, gari lilivyohisi. Siku niliyobadilisha pedi, springi na tairi kwa pamoja, gari lilianza kuteleza nyuma, na ilinichukua wiki tano kugundua mkosaji ni nani.

Na bima: soma karatasi yako. Bima ya kawaida ya gari haigusi mashindano wala majaribio ya kasi. Ukibadilisha injini, logbook nayo ibadilishwe, vinginevyo siku ya ajali utakuwa unajadiliana na mtu mwenye sababu nzuri ya kukataa.

Jumapili jioni, gari likipoa, mimi hukaza nati za magurudumu upya kwa spana inayopima, natazama kama kuna oili chini, narudisha kiti cha mtoto nyuma na jeki kwenye buti. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi linawashwa tena, tunapita matuta manne hadi shuleni, na mwanangu analalamika kwamba gari linanuka breki.