Uji Mzito, Kimea Kidogo

Swali la wiki: "Kwa nini mtoto hudumaa hata kwenye nyumba yenye chakula?" Wengi watataja maradhi, maji machafu, mama kuelemewa na kazi, na hawatakosea. Mimi nitabaki kwenye kikombe cha uji.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri huhitaji kilokalori kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Tumbo lake hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 7 hujaa kwa mililita 210. Uji wa kunywa, gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, humpa hapo kilokalori zisizofika 40. Kashiba maji. Ukitia gramu 200 anapata zaidi ya 100, lakini uji umekaribia kuwa ugali: mtoto anautema, mama anaongeza maji, tumerudi pale pale.

Dawa ipo hapa Moshi siku zote, ila tumeiachia mbege, pombe yetu ya ndizi: kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 hadi uote, anika ukauke kabisa, saga. Pika uji mzito, epua, ngoja upoe kidogo, kisha koroga kijiko cha chai cha kimea kwa kila kikombe. Baada ya dakika chache unalainika bila tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena, maana ulezi ukiota huota na vijidudu. Anayetia kimea uji ukitokota anaua vimeng'enya, vile vilivyomo kwenye kimea vinavyolainisha uji, uji haulainiki, kisha analaumu kimea.

Kimea chenye ukungu kitupwe, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Usitumie mtama, machipukizi yake yana sumu ya sianidi, wala mbegu za dukani zilizotiwa dawa. Na wenzetu wa Arumeru, Arusha, wenye maji ya floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, wakumbuke kuwa kuyachemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inazidi kukolea.

Bado uji ni wanga tu. Tia dagaa waliosagwa, yai au maharage yaliyopondwa. Kwenye mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, nyama ndiyo yenye madini ya chuma, lakini mara nyingi mtoto hupewa mchuzi na ndizi, nyama ikaenda sahani ya baba. Ichambue nyuzinyuzi, iponde, umlishe yeye kwanza.

Msomaji, Moshi