Kodi ya nyumba: ipi, na ya nani?

Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam, anauliza juu ya malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba: mkataba wake umeandikwa "kodi ya nyumba", jirani yake anashikilia kwamba Kiswahili fasaha ni "pango". Nani kakosea?

Hakuna. "Pango" limetokana na kupanga, kama pambo na kupamba. Wanaocheka kwamba pango ni makazi ya popo waendelee kucheka. Kinachoniudhi ni hiyo "kodi ya nyumba", maana imeshalipisha wasiodaiwa.

Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa kibanda, mlipaji alikuwa mwenye paa mwenyewe, na mtozaji ni serikali. Asiye na fedha aliweza kudaiwa mazao au kazi. Leo mwenye nyumba naye anatoza "kodi ya nyumba", na serikali haijaacha kutoza yake. Sheria ya 1984 iliyozuia pango kupandishwa ovyo ilifutwa 2005, kwa hiyo mpangaji anategemea zaidi mkataba, na mkataba ni maneno.

Basi tazama maneno yenyewe: "Mpangaji atalipa kodi ya nyumba." Tangu 2021 kodi ya majengo, yaani ile ya serikali, inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa viwango vya 2023, nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Mpangaji ananunua umeme wa 10,000. Kama mita haikununuliwa umeme miezi mitatu, 4,500 imeondoka kabla hajapata uniti hata moja. Anamwendea mwenye nyumba, kwa kuwa kisheria deni ni la mwenye jengo. Baba mwenye nyumba anafungua mkataba, anaweka kidole kwenye mstari ule: "Si ulisaini?" Nani atambishia?

Kwenye fremu, vyumba vya biashara, mambo yanazidi. Mfanyabiashara anayepanga anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato: kodi ya zuio. Mkataba ukisema "kodi 500,000" bila kufafanua, mwenye fremu anataka 500,000 kamili mkononi, TRA wanadai chao, na mpangaji anachimba mfukoni. Hiyo ni kodi ya kodi.

Andika hivi: "Pango ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba. Ikikatwa kwenye LUKU, kiasi hicho kitapunguzwa kwenye pango." Kwenye fremu ongeza: "Pango hili linajumuisha kodi ya zuio." Wakenya, wanaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba nafuu za serikali, husema "ushuru wa nyumba", na hapo hakuna anayemfikiria mwenye ploti, yaani baba mwenye nyumba.

Ukiwa na dalali, sema kodi tu. Ukimwambia pango, atakupandishia bei akidhani una pesa.