Mchungaji wetu "hana upako", je, nitie sahihi ahamishwe?

SWALI: Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mjane, naishi Kaptembwo, Nakuru. Mchungaji wetu mpya hahubiri kwa kishindo, wala haombei watu wakaanguka. Siku nyingi utamkuta stejini na vijana wa boda boda, kwenye vyama vya akina mama au barazani kwa chifu. Mwaka huu ameanzisha ibada ya Kiswahili mahali tulipozoea Kikuyu peke yake, na majirani Waluo, Waluhya na Wakalenjin wameanza kuja. Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema hana upako, ni mwanasiasa tu, na wameandika barua ahamishwe. Shemeji yangu, ambaye hunisaidia karo ya watoto, ni mmoja wao, na anataka nitie sahihi. Nifanye nini?

JIBU: Mama, Bwana asifiwe sana. Usitie sahihi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu barua za namna hii huzungushwa haraka haraka, watu wasipate hata nafasi ya kuziombea.

Swali lako limenikosesha raha, na kosa si lako. Hilo la "hana upako" siku hizi limekuwa rungu la kumpigia mtumishi yeyote ambaye watu hawapigi mayowe akishika kipaza sauti. Wazee wako wanaisoma 1 Wakorintho 12:28 kwa kuchagua. Wanashika miujiza na kuponya, wanayaruka "masaidiano, na maongozi", kisha wanatua kwenye lugha. Paulo ameziandika karama hizo bega kwa bega, na aliyezitoa ni Mungu yule yule. Ruhusa ya kuruka wameipata wapi?

Kama upako ni nguvu za kuonekana kwa macho, basi Samsoni angekuwa mchungaji bora wa Israeli. Roho ya Bwana ilimjilia kwa nguvu akampasua simba kwa mikono mitupu. Aliamua Israeli miaka 20. Lakini fungua Waamuzi 15 uone: watu 3,000 wa Yuda, ndugu zake wenyewe, walimwendea ili wamfunge kamba mbili mpya wakamtie mikononi mwa Wafilisti. Katika habari zake zote hatusomi kwamba alikusanya hata watu kumi wakaenda naye. Alipigana peke yake, akafa katikati ya adui, na Wafilisti wakaendelea kuwasumbua Israeli hadi siku za Daudi.

Sasa mweke Barnaba kando yake. Ndiye aliyemshika Sauli, yule aliyeitwa baadaye Paulo, mkono akampeleka kwa mitume wakati kila mtu alimwogopa. Antiokia ilipopata waumini wa mataifa, ndiye aliyetumwa, na kazi ilipomzidi alisafiri hadi Tarso kumtafuta mwenzake. Kule Listra aliyekuwa mnenaji mkuu ni Paulo, si yeye. Na ni Barnaba huyo huyo ambaye Luka, mwandishi wa Matendo, anamwita "mtu mwema, amejaa Roho Mtakatifu na imani". Wazee wanaotafuta mtu aliyejaa Roho waanzie hapo, Matendo 11:24.

Hata hiyo ibada ya Kiswahili si jambo geni. Katika Matendo 6, Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Lilikuwa kanisa moja lenye lugha mbili, na wajane, mama, kama wewe. Mitume hawakuitisha kesha la kukemea pepo wa manung'uniko. Walisema wachaguliwe watu saba wenye kujawa na Roho na hekima, na ukiyatazama majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Meza ilikabidhiwa upande uliokuwa ukilalamika! Jambo hilo lilihitaji Roho kama uponyaji unavyohitaji.

Na sisi wa Nakuru ndio wa kudharau karama hii ya kukusanya watu? Mikesha ilikuwepo kabla ya machafuko ya baada ya uchaguzi, Januari 2008, na mafuta ya upako yalikuwepo. Jirani alimfukuza jirani, maelfu wakalala katika uwanja wa maonyesho. Mwezi uliofuata Baraza la Makanisa, NCCK, likakiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walishindwa kwa sababu nao walikuwa wameegemea pande. Mimi si Mkatoliki, lakini Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996, aliwatetea waliofukuzwa katika mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini bila kuuliza wametoka kabila gani. Sauti kama hiyo huandaliwa na miaka ya kukaa na watu.

Hata hivyo nisimpake mafuta mchungaji wako nisiyemjua. Mwenye karama ya kukusanya watu hunyemelewa na wanasiasa. Ole Sapit, Askofu Mkuu wa Kianglikana, alipiga marufuku siasa kwenye mimbari kule Butere mwaka 2021, siku ya Askofu Rose Okeno, na kulikuwa na sababu. Kama wako humpa diwani kipaza sauti Jumapili, hapo wazee wana hoja. Waipeleke kwa utaratibu, kwa mashahidi wawili au watatu kama 1 Timotheo 5:19 inavyotaka, si kwa barua ya chini ya meza. Chunguza pia kama kazi husimama akisafiri. Yethro alimwonya Musa juu ya kubeba yote peke yake, na wachungaji wa aina hii huugua ugonjwa huo.

Jambo moja wazee wamelisema vibaya lakini lina ukweli ndani yake. Wapo akina cucu, nyanya zetu, ambao hawafuati maombi kwa Kiswahili. Je, ibada yao ya Kikuyu imebaki, au imesukumwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi? Nenda ukamwambie mchungaji mwenyewe. Wewe unaweza kulisema bila yeye kudhani anapigwa vita.

Kuhusu shemeji, usimjibu mbele za watu. Mwandalie chai, mshukuru kwa karo kwanza, tena kwa moyo, maana amekutendea wema. Kisha mwambie huwezi kumshtaki mtu kwa jambo ambalo hukuliona. Akikasirika, mpe siku kadhaa. Na ili karo isiwe kamba shingoni mwako, chukua fomu ya basari ya kaunti na ile ya CDF, mfuko wa eneo bunge, mapema. Barua ya kuthibitisha hali yako, mchungaji ataiandika, na hata chifu anakufahamu.