Ukidondosha plagi, sema

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu ufundi wa ndege ndogo huanza na chuo na ada. Hilo nitalimaliza haraka. Hapa Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam, kinafundisha matengenezo ya ndege. Ila cheti cha chuo si leseni. Leseni unaipata kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kwetu TCAA, na kiwango cha kimataifa kinataka uwe umetimiza miaka 18 na uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 4, au 2 ukiwa umemaliza kozi iliyoidhinishwa. Kazana na fizikia, hesabu, na Kiingereza cha kusomea vitabu vya matengenezo.

Lililonigharimu mimi halikuwa kwenye mtihani wowote.

Nilikuwa na miezi michache tu karakanani. Tulikuwa na ndege ndogo aina ya Cessna 206 imeingia ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka. Injini yake ina silinda 6, na kila silinda ina plagi 2 za kuwashia mafuta, kwa hiyo nilikabidhiwa plagi 12 nizitoe, nizisafishe, nipime nafasi ya cheche na kuzipanga kwenye trei yenye matundu ya namba. Moja ikaniponyoka. Ikagonga sakafu ya saruji, ikabingirika hadi chini ya tairi. Niliiokota, nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikaangalia huku na huku, hakuna aliyeniona, nikaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi na kuendelea na kazi. Jioni zote 12 zilikuwa zimerudi kwenye injini.

Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba plagi ya ndege ikidondoka haifungwi tena, hata ikionekana nzima. Ndani yake mna kauri, na kauri inaweza kupata ufa usioonekana kwa macho. Ufa huo unaweza kufanya mafuta yawake kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na joto likatoboa pistoni. Nililijua hilo, na bado nilinyamaza, kwa kuogopa kuitwa mzembe.

Usiku sikulala. Alfajiri nikamkuta mzee aliyekuwa akinisimamia anafungua mlango.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mbona mapema hivi?”

Nikamweleza. Akaniuliza ni plagi ya silinda ipi. Sikujua, nilishazichanganya. Akavaa miwani, akasema, “Haya, fungua zote.” Zote 12 zikatolewa na kutupwa, zikafungwa mpya, na ndege ikachelewa nusu siku. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba ningesema jana ile ile, tungetupa moja.

Ndiyo maana kwangu uhodari wa mikono ni jambo la pili. Mikono hujifunza. Mwanafunzi anayeficha kosa dogo simwachii hata kufunga kifuniko cha injini.

Kaka yake uficho ni kutegemea kumbukumbu badala ya kitabu. Plagi zile zile unaweza kuzikuta kwenye injini mbili tofauti: Lycoming inataka zikazwe kwa inchi-pauni 420, Continental kati ya 300 na 360. Ukizoea namba ya kwanza ukaihamishia kwa ya pili, umekaza kupita kiasi, na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, haitakuonya, kwa sababu inafuata namba uliyoiwekea wewe. Fungua kitabu kila mara, hata kazi uliyoifanya jana. Mafundi wa miaka 30 ninaowaheshimu hufanya hivyo bila aibu.

Na kuna kazi ambayo mwanafunzi hudhani ni ya kumchosha tu: kupasua filta ya oili. Usiidharau. Unaikata kwa kikatio chake, unaikunjua ile karatasi, unaiosha kwa kiyeyusho, kisha unapitisha sumaku kwenye masalia. Vipande vya chuma vitanasa, vya alumini vitabaki, na hapo unaanza kujua ni sehemu ipi ya injini inayolika. Ukiona kinachometa, hata kama ni kidogo kama chembe ya mchanga, ita mkubwa wako. Akikuambia ni cha kawaida, muulize amejuaje, uandike kwenye daftari lako. Mimi hadi leo nafurahi kijana akiniita kuangalia kitu kisicho na tatizo.

Ukienda kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, usiishie kuuliza posho. Waulize kwa adabu: “Plagi ikidondoka hapa, huwa mnafanyaje?” Wakikuonyesha pipa la vifaa vilivyokataliwa kabla hujamaliza swali, baki hapo hata kama posho ni ndogo. Wakicheka, washukuru kwa muda wao, uende karakana ya jirani.