Ndege wa pwani wanakukimbia? Uza pikipiki baadaye, angalia maji kwanza

SWALI: Mambo vipi kaka, mi nipo Bagamoyo, nimenunua kamera ya mtumba na lensi ya 70-300. Kila Jumamosi asubuhi naenda kwenye tope kule karibu na mikoko kupiga ndege lakini wanatoka weusi tii, wadogo kama sisimizi, nikisogea tu wanaruka. Washkaji wanasema ninunue lensi ya 600, ile inayovuta mbali zaidi. Niuze pikipiki?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Pikipiki iache kwanza mdogo wangu, shida yako ni saa unayoenda. Pwani yetu inatazama mashariki, asubuhi jua linatokea baharini na we unapiga ukiangalia hukohuko baharini, sasa ndege ataachaje kuwa mweusi? Jioni jua linakuwa mgongoni kwako.

Afu kuna maji, na hapa ndo penyewe. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama tunapata bamvua, yaani maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida, na kwa pwani hii siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi (kila siku yanachelewa kama dakika 50, waulize wavuvi wana hesabu yote kichwani). Kwahiyo ukienda saa nne unakuta tope limefunuka mpaka mbali huko na ndege wamelifuata maana minyoo na kaa ndo wako huko, hata lensi ya 600 itakuletea vidoti tu. Tena saa hizo tope lishapata moto, hewa inacheza, picha inakuwa na ukungu afu mtu anailaumu lensi.

We fanya hivi: siku ya bamvua fika saa tisa na nusu jioni, tafuta sehemu ambayo tope lake linafunuka mapema maji yakianza kutoka, lala kifudifudi, tulia. Maji yakijaa ndege wanabanwa, wanajazana kwenye mafungu ya mchanga na kwenye mashamba ya chumvi (huko omba ruhusa, ni kazi za watu). Saa kumi na moja maji yanatoka na wao wanashuka kula, sululu, yangeyange, wale wadogo wanaokimbiakimbia, wanakuja wenyewe mpaka mbele yako. Ila kulala chini usijaribu kule Ruvu inapoingia baharini, kuna viboko na mamba, kule piga ukiwa ndani ya boti na mtu anayepajua.

Seting: anayeruka mpe spidi ya shata 1/2000 ya sekunde, ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga) iache otomatiki. Yangeyange akiwa mbele ya mikoko shusha mwanga kwa stopu moja (yaani nusu yake), la sivyo manyoya yanaungua yanabaki meupe matupu. Ukirudi futa kamera kwa kitambaa kilicholoa kidogo maji yasiyo ya chumvi, chumvi haina huruma.

Na usiwarushe wakiwa wamepumzika. Wengi wanakuja Septemba kutoka mpaka Siberia huko, na Machi na Aprili wanajaza mafuta ya safari ya kurudi, sasa kila ukiwarusha kwa ajili ya picha ya kundi unawachomea akiba yao. Mi picha hizo hazinivutii kabisa, unaona mabawa mia na huoni jicho hata moja.

SWALI: Kaka, huku Tanga kwenye mashamba ya chumvi nimempiga ndege mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene anavunja kaa. Ni nani huyu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Huyo ni Dromas ardeola (hilo jina la kitaalamu, Kiingereza wanamwita crab plover), hongera, kuna watu wanapanda ndege ya abiria kuja kumtafuta. Kuzaa anazaa kwenye fukwe za Uarabuni na Ghuba, anachimba shimo kwenye mchanga na kutaga humo ndani, yai jeupe moja tu, afu anakuja kwetu kula kaa. Rudi tena uangalie kama kuna wenye rangi ya kijivujivu, hao ni watoto, na wakifika huku bado wanalilia kulishwa. Mkubwa akikamata kaa usimfuate yeye, elekeza kamera kwa mtoto mapema, atapiga kelele, mzazi atakuja na kaa mdomoni, hapo achia shata mfululizo.