Biti safi, sauti safi, na bado chakacha haichezeki

Msomaji ameuliza: wimbo wa chakacha, ngoma ya akina mama wa Pwani, nimeuweka kwenye biti ya Bongo Fleva, kila kitu safi, mbona akina mama hawakuinuka? Jibu liko kwenye hesabu.

Chakacha hutembea kwa mapigo sita. Ngoma moja hushika mawili mazito, nyingine hukata matatu juu yake, na kiuno cha mchezaji huishi katikati ya ugomvi huo. Programu ya kurekodi hufunguka ikiwa nne kwa nne, yaani mapigo manne katika kila baa (mzunguko mmoja wa mapigo), kila pigo limegawanywa manne. Mimina wimbo humo bila kupima, na kinachovunjika kwanza ni lugha. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: "haRUsi". Mkazo ukihamia "si", sikio hukataa kabla akili haijajua sababu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kinanda, andika ubeti, pigia mstari kila silabi yenye mkazo, kisha imba huku ukipiga makofi kwenye yale mapigo mawili mazito. Halafu gawanya kila pigo la ile nne kwa nne vipande vitatu, siyo vinne. Utapata vipande 12, sawasawa na baa mbili za chakacha. Taarab ya kisasa iliipeleka chakacha kwenye kinanda na mashine ya ngoma bila kuyavunja yale sita, na kumbi bado zinatikisika.

Ukishikilia vipande 16 vya programu (nne mara nne), una vinne vya ziada. Usivitawanye katikati ya maneno! Viweke mwisho wa mstari, vokali ivutwe au pawe kimya.

Zumari nalo halifuati kinanda. Noti ya tatu ya ngazi mara nyingi hukaa kati ya meja (ile ya juu) na maina (ile ya chini), na kodi kamili (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) chini yake hufanya zumari lionekane limekosea. Toa noti hiyo kwenye kodi, bakiza ya kwanza na ya tano. Kinanda chenye ngazi za Kiarabu kitakuruhusu kuishusha robo toni.

Kiitikio kinataka watu watatu au zaidi, kila mmoja na koo lake. Mwimbaji mmoja aliyerudufiwa mara sita husikika kama mtu mmoja ndani ya pipa. Waitikiaji waingie kabla mwimbishaji hajamaliza silabi ya mwisho, na umwambie fundi mitambo mapema, maana wengi huukata mwingiliano huo wakidhani ni kosa.