Maswali yenu: Jane Avril, glovu nyeusi na vitone vya mashine

Meseji za wiki hii karibu zote ni za wacheza shoo wa Paris waliochorwa na Toulouse-Lautrec, yule mchoraji Mfaransa wa mabango, sijui nani kawaamsha, haya twende.

"Nimeuziwa bango la Jane Avril la 1893, saizi ya A3, muuzaji anasema ni orijino. Nimepatia?"

Hujapatia, na hili swali nimelijibu mpaka nimechoka. Bango alilochorewa Jane Avril kwa shoo yake kwenye ukumbi wa burudani wa Jardin de Paris lina urefu unaozidi mita moja, lilikuwa la kubandikwa ukutani barabarani, sasa la A3 angeliona nani akiwa anapita? Azima lenzi kwa fundi saa, angalia kwenye rangi. Ukikuta vitone vidogo vimejipanga kama askari wa gwaride ujue hiyo ni picha ya picha, imetoka mashineni juzi tu. Litografu yenyewe (yaani chapa ya jiwe, nalieleza swali linalofuata) wino wake umelala bapa, na pale Lautrec aliponyunyiza wino kwa mswaki (ndio, mswaki wa meno) matone ni makubwa kwa madogo, yamerukaruka ovyo. Ila ngoja, kuna kitu kimoja: kuanzia 1895 mpaka 1900 kiwanda cha uchapaji cha Chaix kilitoa mabango kwa saizi ndogo inayokaribia hiyo ya kwako, yanaitwa Les Maîtres de l'Affiche, na yale ni litografu za kweli, pembeni yana kimhuri kilichobonyezwa bila wino. Kitafute kwa kidole. Hicho cheti cha muuzaji usinionyeshe, cheti hata mimi naprinti.

"Litografu ni kitu gani hasa?"

Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalowesha maji, wino unashika kwenye mafuta tu, unakandamiza karatasi. Kila rangi jiwe lake. Tusirudie tena.

"Kwenye bango lake la ukumbi wa Divan Japonais yule mwimbaji wa nyuma hana kichwa, mchapaji alikosea?"

Hakukosea mtu. Yule ni Yvette Guilbert, na Paris nzima ilimjua kwa glovu zake ndefu nyeusi, kichwa cha nini? Lautrec kamkata makusudi, aliyekaa mbele ni Jane Avril, safari hii kaja kutazama tu. Nyie mnaotaka kila picha ya msanii iwe kama ya pasipoti mnanichosha kweli. Guilbert mwenyewe alimwandikia Lautrec akimsihi asimchore mbaya vile, halafu 1894 ilipotoka albamu ya litografu 16 alizomchora, Guilbert akasaini nakala zote 100. Msanii anajua biashara.

"Nimeona litografu mbili za mcheza dansi Loïe Fuller za 1893, moja ya samawati moja ya zambarau. Ipi feki?"

Zote zinaweza kuwa halali. Yule Mmarekani alicheza kwenye ukumbi wa Folies Bergère akizungusha mahariri marefu kwa vijiti huku taa za umeme zinambadilisha rangi, basi Lautrec akatoa nakala kama 60 na rangi akawa anazibadilisha nakala kwa nakala, nyingine zikapigwa unga wa dhahabu au fedha. Zikifanana sana ndo uanze kuogopa.

"Litografu yangu iko dirishani, naweza kuifuta vumbi kwa kitambaa kibichi?"

Usithubutu. Na iondoe hapo dirishani.